Mbwa na paka wanaozurura: maswali na majibu

Nyumba nyingi za kwetu hazina uzio. Mbwa hulala uani, asubuhi anaondoka, mchana yuko jalalani au nje ya bucha, jioni anarudi kula makombo. Paka ndiyo usiseme. Wenye wanyama hawa wanajua kuna hatari, ila wanaona mnyama ndivyo alivyoumbwa.

Mbwa wangu ni mpole, hajawahi kumng'ata mtu. Nihangaike ya nini?

Upole haumkingi na kichaa cha mbwa. Akikutana huko nje na mbwa mwenye virusi au bweha mgonjwa, akang'atwa, ugonjwa unaingia nyumbani kwako kupitia yeye. Duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio ni kama vifo 1,500 kwa mwaka, Kenya kama 2,000.

Watoto huumia zaidi kwa sababu wanacheza na mbwa, na kimo chao kinafanya wang'atwe usoni na shingoni. Virusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa hiyo jeraha la kichwani ni la hatari zaidi kuliko la mguuni. Dalili zinaweza kuchelewa wiki au miezi. Zikishaanza, yaani mgonjwa anaogopa maji, anatokwa udenda, anaweweseka, hakuna dawa ya kumponya. Na kifo hiki kinazuilika kabisa. Ndiyo maana kinaniuma.

Lakini wenye kichaa si wale mbwa koko wasio na mwenyewe?

Wengi wa mbwa tunaowaita koko wana wenyewe. Utafiti uliofanyika Tanzania umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mbwa wanaozurura wana nyumba wanayorudi, hivyo wanaweza kushikwa na kuchanjwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu hakusaidii, kwa sababu nafasi yao huchukuliwa upesi na watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa.

Tazama Pemba. Chanjo za mbwa zilizoanza 2010 ziliufuta ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mbwa wakachanjwa upya, na 2018 ukatoweka kwa mara nyingine.

Kwa hiyo nimfunge mnyororo kutwa nzima?

Hapana. Mbwa anayeshinda juani kwenye mnyororo mfupi, bila maji, huwa mkali kwa kila apitaye. Mwenye uzio amfungulie ndani ya uzio. Asiye na uzio, jambo la kwanza ni chanjo: mara ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, au kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza. Kampeni ikitangazwa kijijini au mtaani kwako, usiikose. La pili ni kumhasi. Dume aliyehasiwa hapotei siku tatu akifuata majike.

Na paka?

Paka naye hupata kichaa na kukiambukiza, kwa hiyo achanjwe. Paka wa kutoka nje ana hatari nyingine pia: anaweza kufa kwa kula panya aliyekula sumu.

Mama wajawazito huambiwa wamfukuze paka kwa sababu ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Si lazima. Kinyesi cha paka huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuanza kuambukiza, hivyo mtu mwingine akiondoe kila siku. Mjamzito avae glavu akilima bustani, aoshe mboga vizuri, na asile nyama isiyoiva, maana kimelea hiki hupitia huko pia.

Minyoo je?

Mbwa akijisaidia mchangani, viluwiluwi vya minyoo ya safura huweza kupenya ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku. Utaona mstari uliopindapinda, unawasha sana. Kwa wafugaji, hasa Turkana na Umasaini, lipo tatizo zito zaidi: tegu wa mbwa, anayemsababishia binadamu uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu. Mbwa humpata kwa kula matumbo, maini na mapafu ya mifugo yenye malengelenge. Ukichinja, vifukie chini sana au vichome.

Mtoto kang'atwa. Nianzie wapi?

Anzia bombani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, au mbwa kalamba kidonda. Zile sindano za tumboni ambazo wazee wanazisimulia kwa hofu zilikuwa za chanjo ya zamani. Siku hizi hudungwa begani, kwa tarehe utakazopewa. Usiache dozi katikati kwa kuwa jeraha limepona.

Na mbwa aliyeng'ata auawe?

Akiwa anashikika, afungiwe peke yake na kuangaliwa siku 10, huku mtoto akiendelea na chanjo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate alipong'ata, na daktari anaweza kuamua kusitisha sindano zilizobaki. Akifa au akibadilika tabia, usimguse kwa mikono mitupu na usikimbilie kumzika. Mwite afisa mifugo, kwa sababu kipimo cha uhakika huchukuliwa kwenye ubongo wake.