Maji kwenye dizeli: chupa inayong'aa haitoshi

Kwenye gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, fundi akishuku mafuta hukinga kidogo kwenye chupa ya plastiki na kuiinua juani. Yakiwa maangavu, basi kesi imekwisha: hayana maji. Dhana hii imeharibu nozeli nyingi. Maji yaliyoyeyuka ndani ya dizeli hayaonekani hata ukodoe macho namna gani. Yanayoonekana ni yale yaliyozidi, yanayoleta ukungu kisha kutuama chini kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Tena dizeli ikipoa, uwezo wake wa kushika maji hupungua. Iliyokuwa safi mchana inaweza kuamka na matone kwenye sakafu ya tangi, hasa baridi yetu ya Julai. Ile dawa ya kupaka kwenye kijiti cha tangi nayo hubadilika rangi ikigusa maji yaliyojitenga tu.

"Maji kidogo hayadhuru." Kidogo kiasi gani? Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinaruhusu miligramu 200 kwa kilo. Mtungi wa lita 20 una karibu kilo 17 za dizeli, kwa hiyo mwisho ni gramu 3.4 hivi. Hazijazi kijiko cha chai.

Kipimo cha kutafuta mafuta ya taa yaliyochanganywa hakisemi lolote kuhusu maji. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ya wenye maabara: kwamba kromatografia ya gesi huona kila kitu. Mashine huchukua tone dogo sana, hulifanya mvuke, na gesi ya heliamu hulisukuma ndani ya mrija mwembamba mrefu, kila kemikali ikitoka kwa wakati wake. Mwishoni kuna kitambuzi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kile cha mwali wa moto, kilichozoeleka kwa mafuta, hutambua kaboni inayoungua. Maji hayaungui, kwa hiyo hupita kimya. Kinachotakiwa ni kile cha waya wa moto. Mvuke wa maji hupitisha joto vibaya kuliko heliamu, kwa hiyo ukipita, waya huzidi kupata joto na mchoro unapanda.

Mbinu ya Karl Fischer ya kupima maji kwa kemikali, ya tangu 1935, ingali nzuri. Ila hutegemea iodini, na baadhi ya misombo ya salfa kwenye mafuta huila iodini hiyo, maji yakasomeka mengi kuliko yalivyo. Kromatografia huyatenga kwanza, ndipo huyapima.

Kwa hiyo nawasihi mnaoleta sampuli: chupa ya kioo, iliyokaushwa kabisa, ijazwe karibu na mdomo na ifungwe papo hapo. Aliyeisuuza asubuhi ananiletea matone ya bomba, na namba nitakayompa itakuwa ya matone hayo.