Bushi ya kontroli amu: mpira unaosokotwa

Bushi ni kipande cha mpira kilichobanwa kati ya vibomba viwili vya chuma, kipana cha nje na chembamba cha ndani. Kibomba cha nje hushindiliwa kwenye tundu la kontroli amu, ule mkono wa chuma unaoishikilia tairi ya mbele isiyumbe huku ikipanda na kushuka. Cha ndani hupitiwa na bolti inayofungwa kwenye fremu. Kwa hiyo chuma cha amu hakigusani na chuma cha gari. Katikati pana mpira, nao ndio unaomeza kishindo cha barabara kabla hakijafika kwenye usukani.

Wengi hudhani bushi huzunguka kama beringi. Haizunguki. Bushi ya kawaida mpira wake umegandishwa kwenye chuma tangu kiwandani, na bolti ikishakazwa kibomba cha ndani hakiendi popote. Amu ikipanda, kibomba cha nje hugeuka nayo, cha ndani hubaki, mpira ukajisokota. Chukua chaki, chora mstari ulionyooka kutoka ukingo wa nje wa bushi hadi kibomba cha ndani, kisha inua amu kwa jeki. Mstari utapinda palepale kwenye mpira. Shusha amu, utanyooka tena. Kazi ya bushi ndiyo hiyo.

Ukishauona mstari ule ukipinda, utaelewa kosa linaloua bushi mpya. Gari limenyanyuliwa, tairi zinaning'inia, amu imeinama. Mtu anafunga bushi na kukaza bolti hapohapo, kwa kuwa spana inafika vizuri. Akilishusha gari, amu inapanda hadi kimo chake cha kawaida, na mpira unakuwa umesokotwa kabla gari halijaondoka. Utabaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo la barabarani litausokota zaidi. Mpira huo huchanika mapema, na lawama humwangukia muuza spea kwamba kauza feki. Feki zipo, sikatai, lakini bushi nzuri nyingi zimekufa kwa kukazwa vibaya. Zungusha nati zishike tu, rudisha uzito wa gari kwenye tairi, kwa mfano juu ya rampu, ndipo ukaze kwa kipimo cha mtengenezaji.

Iliyochoka hujitangaza: mlio mmoja wa "ko!" ukikanyaga breki, mwingine ukiondoka, gari linavuta upande, tairi inaliwa upande mmoja. Gari likiwa juu ya stendi, vile vyuma vya kulishikilia gari lililonyanyuliwa, penyeza mtaimbo mfupi kati ya amu na fremu, usukume. Mpira mzima husogea kidogo na kurudi, uliokufa hufungua mdomo. Vinyufa vya juujuu visikutishe. Tafuta mahali mpira ulipoachana na chuma. Zipo pia bushi zenye majimaji ndani, na hizo zikilowa kwa nje zimeshapasuka.

Kubadilisha nyumbani kunawezekana, ila jeki peke yake haitoshi: usiingie chini ya gari bila stendi. Na kama springi imekalia amu yenyewe, mwachie fundi mwenye kifaa cha kuibana, kwa sababu ikichomoka inaweza kuua. Kabla ya kutoa bushi ya zamani weka alama ilivyokaa. Nyingi zina matundu kwenye mpira, na yakielekea siko, gari halitatulia. Tumia presi, mashine ya kushindilia, ukisukuma kibomba cha nje. Ukisukuma cha ndani unauchana mpira mpya kwa mikono yako. Kulainisha, maji ya sabuni yanatosha, maana oili na grisi huuvimbisha mpira. Kuna wanaoichoma ya zamani kwa moto ili itoke. Moshi wake ni sumu, mimi siwezi kumshauri mtu. Asiye na presi ni afadhali anunue amu nzima iliyokwisha kutiwa bushi.

Bushi za poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, ni habari nyingine. Nyingi kati ya hizo hazikugandishwa, huteleza juu ya kibomba cha ndani, kwa hiyo zenyewe huhitaji grisi yake maalumu, la sivyo zitalia kama bawaba kavu.

Bolti zikishakazwa, peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa tairi, kwa kuwa tairi haikai tena pale bushi iliyolegea ilipokuwa imeiacha.