Suluhu nyumbani si msiba: hesabu ya bao la ugenini Ligi ya Mabingwa Afrika

Machi 30, 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini walipomaliza dakika 90 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, bila bao, karibu kila ujumbe nilioupokea ulikuwa na kilio kimoja: tumeharibu, nyumbani ndiko kwa kufungia, Pretoria tunakwenda kuchinjwa. Niliwajibu wachache, nikachoka. Uchambuzi wa mechi ndiyo kazi yangu, na hili nimelieleza redioni na vijiweni hadi sauti inakauka. Acha niliandike mara moja.

Kwenye mtoano wa Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako mnacheza mechi mbili, moja kwako na moja kwa mwenzako, suluhu (yaani 0-0) nyumbani katika mechi ya kwanza ni matokeo mazuri kuliko tunavyoyachukulia. Sababu yake ni kanuni ya bao la ugenini. Ulaya waliitupa kuanzia msimu wa 2021/22, lakini CAF, shirikisho la soka la Afrika, wamebaki nayo, na msimu wa 2024/25 ilikuwa bado inaamua nani anacheza fainali.

Kanuni yenyewe kila shabiki anaijua: jumla ya mabao ikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini. Tunachosahau ni upande wake wa pili. Kila bao unaloruhusu nyumbani linamwekea mgeni akiba. Ukitoka suluhu kwako, kule ugenini ushindi wowote unakupitisha, na sare yoyote yenye mabao inakupitisha pia. Suluhu nyingine inawapeleka kwenye penalti moja kwa moja, kwa kuwa hakuna dakika 30 za nyongeza. Sasa badilisha iwe 1-1 nyumbani. Suluhu kule inakutoa. 1-1 kule ni penalti tu. Umefunga bao, uwanja umelipuka, watu wamerudi nyumbani na matumaini, lakini uko pabaya zaidi kuliko aliyetoka 0-0.

Ushahidi upo, tena wa karibuni. Nusu fainali ya 2023 Wydad wa Morocco walitoka suluhu na Sundowns kwao Casablanca. Mashabiki wa Pretoria wakaona kazi imekwisha. Marudiano yakawa 2-2, Wydad wakaenda fainali. Sundowns walijifunza somo hilo kwa machozi, na Aprili 2025 wakalitumia kwa Al Ahly wa Misri: 0-0 nyumbani Pretoria, kisha Cairo wakiwa nyuma 1-0 mpira ukielekea ukingoni, Ahly wakajifunga. 1-1. Bingwa mtetezi nje, bila kupoteza mechi hata moja kati ya hizo mbili.

Na sisi yametukuta. Agosti 2019 Simba walikwenda Beira, Msumbiji, kucheza na UD Songo, wakarudi na suluhu, na nakumbuka jinsi tulivyoisifu: suluhu ya ugenini, sasa tunamalizia Uwanja wa Taifa. Taifa ikawa 1-1, wakatolewa hatua ya awali kabisa. UD Songo nao walikuwa wamepata suluhu, tena kwao nyumbani. Karatasi ya hesabu iliwapendelea wao tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulibishia zaidi: ushindi wa 1-0 nyumbani ni mzuri kuliko 2-1. Tofauti ni bao moja kwa yote mawili, lakini ukishinda 1-0 halafu ukafungwa 1-0 kule, mnapiga penalti. Ukishinda 2-1 halafu ukafungwa 1-0, unapanda ndege umetolewa. Aprili 2023 Simba waliwafunga Wydad 1-0, wakafungwa 1-0 Casablanca, wakatoka kwa penalti 4-3. Iliuma, lakini walifika kwenye penalti. Kwa 2-1 wasingefika. Wiki chache baadaye Yanga waliionja sura kali zaidi ya kanuni hiyo kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho: walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0 mbele ya umati ule. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria. Ukimuuliza Mwananchi wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga, atakwambia hawakufungwa fainali ile, na mimi siwezi kumbishia sana.

Kabla ya kanuni hii kuenea mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana timu zikilingana ilikuwa ama mechi ya tatu au kura. Fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya 1967 kati ya TP Englebert, ambao leo ni TP Mazembe, na Asante Kotoko wa Ghana ilikwisha 1-1 na 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likaenda Lubumbashi. Miaka miwili baadaye Kotoko hao hao waliwatoa Yanga robo fainali kwa kura baada ya 1-1 mara mbili. Kwa hiyo anayesema bao la ugenini ni ukatili akumbuke lilichukua nafasi ya nini.

Hatua ya makundi ni dunia nyingine, na hapo ndipo mashabiki huchanganya. Kwenye makundi kinachoamua kwanza ni pointi, si bao la ugenini. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Simba ya msimu wa 2018/19. Walishinda mechi zote tatu za nyumbani: JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 kwa bao la Meddie Kagere, AS Vita 2-1. Ugenini walipoteza zote tatu: Kinshasa kwa Vita 5-0, Misri kwa Ahly 5-0, Algeria kwa Saoura 2-0. Wamefunga sita, wamefungwa kumi na tatu. Timu yenye hesabu hiyo kwenye ligi ya nyumbani ungeiombea dua. Wao walimaliza wa pili na pointi 9, nyuma ya Ahly wenye 10, wakaingia robo fainali.

Vipigo vile viwili vya 5-0 havikuwaumiza kwa sababu kila kimoja kilikula pointi tatu tu, sawa na kufungwa 1-0. Hata pointi zingelingana, CAF huanza kuangalia mechi za waliolingana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kugusa tofauti ya mabao ya kundi zima. Ndiyo maana kocha aliyekwishafungwa matatu ugenini kwenye kundi ana haki ya kuwatoa nyota wake wapumzike, hata kama jukwaa linamzomea.

Lile kundi lilikuwa jembamba kuliko tunavyokumbuka. Siku ya mwisho Simba na Vita walikuwa 1-1 hadi Clatous Chama alipofunga dakika za lala salama. Sare ile ingebaki, Simba wangekuwa na pointi 7, Vita 8, Saoura 8. Bao moja liliwatoa mkiani hadi nafasi ya pili. Wimbo wa Kwa Mkapa hatoki mtu una mizizi yake humo, ingawa uwanja wenyewe, uliokuwa Taifa, ulipewa jina la Mkapa mwaka 2020.

Shida ni kwamba tabia ya makundi haifai mtoano. Msimu wa 2020/21 Simba waliongoza kundi lililokuwa na Al Ahly, wakapata zawadi ya aliyeongoza kundi, yaani kuanzia ugenini na kumalizia nyumbani. Wakaenda Johannesburg, Kaizer Chiefs wakawapiga 4-0. Dar walishinda 3-0 kwa mpira mtamu, wakatoka. Kipigo cha manne kwenye kundi kingekuwa siku mbaya kazini. Robo fainali kiliwamaliza.

Nikitazama mechi ya kwanza ya mtoano nyumbani, kwa hiyo, macho yangu hayako sana kwa washambuliaji. Naangalia kona zetu wenyewe: nani amebaki nyuma, wangapi, na kiungo mkabaji amesimama wapi mpira unapookolewa. Mabao mengi ya wageni yanayotutoa huzaliwa pale tunapofunguka tukidai la pili. Naangalia pia mabeki wa pembeni. Wakipanda wote wawili kwa pamoja dakika ya 70 matokeo yakiwa 0-0, moyo unaenda mbio. Ukiwa na suluhu dakika ya 80, una kitu cha kulinda.

Suluhu haikupi hakikisho, hilo nalo niliseme. Simba walitoka 0-0 na TP Mazembe mwaka 2019, wakaenda Lubumbashi, mshambuliaji wao Emmanuel Okwi akafunga mapema mno, na hesabu ikawa tamu: Mazembe walihitaji mawili. Walifunga manne. Kanuni inakufungulia mlango, lakini mabeki lazima wacheze.

Sasa rudi kwa ile Yanga na Sundowns. Usiku mmoja kabla, uwanja huo huo, Simba walikuwa wamefungwa 1-0 na Al Ahly, na huo ndio uliokuwa msiba wa wiki ile. Cairo walifungwa 2-0 wakatoka. Yanga kule Pretoria walicheza suluhu nyingine, na shuti la Aziz Ki liligonga mwamba likadunda mstarini. VAR, yaani waamuzi wa video, ikakataa. Watu wamebishana kuhusu picha zile hadi leo, nami nina maoni yangu, lakini tazama thamani ya lile shuti: lingekubaliwa, Sundowns wangelazimika kufunga mawili ndani ya muda uliobaki, kwa sababu tu Yanga hawakuruhusu bao Dar es Salaam. Penalti zikaisha 3-2 kwa Sundowns.

Je, CAF waifute kanuni? Mimi ningeifuta kwenye fainali tu. Fainali ya mikondo miwili ikilingana, watu wapige penalti, wala asitokee tena anayeshinda Algiers kisha akatazama mwenzake akinyanyua kombe. Hatua nyingine ibaki. Kusafiri Afrika kwa ndege mbili tatu, kulala hoteli usiyoijua, kucheza kwenye joto la saa kumi alasiri au kwenye mwinuko wa juu si kazi ndogo, na anayefunga bao katika hali hiyo amelifanyia kazi zaidi ya mwenyeji wake.