Kichujio hakigeuzi LED kuwa leza

Wiki hii nimeletewa tena mchoro wa lenzi wenye maneno yaleyale: "Chanzo ni LED, ila tumeweka kichujio cha nanomita 1, kwa hiyo mwanga ni kohirenti." Jamani! Kohirenti maana yake mawimbi ya mwanga yanakwenda kwa mpangilio mmoja, kama ya leza.

Kichujio kinabana rangi, basi. LED ya nanomita 630 yenye upana wa nanomita 20 ina urefu wa kohirensi, yaani umbali ambao wimbi linabaki na mpangilio wake, wa mikromita 20 hivi. Ukiibana hadi nanomita 1, unafika kama 400. Hongera. Hiyo ni kohirensi ya muda. Ya upana, yaani mpangilio kati ya nukta mbili zilizo kando kwa kando kwenye mwanga, hujaigusa, kwa sababu inategemea chanzo kinaonekana kikubwa kiasi gani kutoka ulipo. Chipu ya milimita 1, kwa umbali wa mita 1, inakupa mpangilio huo kwa upana wa takriban milimita 0.6 tu. Lenzi yako ina kipenyo cha milimita 25, halafu unaihesabia wimbi moja safi? Mwaka 1920 wanasayansi Michelson na Pease walitumia jambo hilihili kupima nyota Betelgeuse: walizidi kutenganisha vioo viwili mpaka milia (mistari ya ng'avu na giza inayotokea mwanga wa njia mbili ukikutana) ikapotea, vikiwa vimeachana kama mita 3. Kichujio hakikuwa na msaada hapo.

Picha ya doa la mwanga pia haikuambii kitu. Pitisha leza kwenye kioo cha ukungu kinachozunguka: rangi inabaki ileile nyembamba, kohirensi ya upana imekwenda.

Kwa hiyo pima. Mipasuo miwili, kamera, milia. Ng'avu toa giza, gawanya kwa jumla yao: hicho ndicho kipimo cha kohirensi. Na tafadhali, ondoa kwanza usomaji wa kamera iliyofunikwa! Milia ya 1000 na 200 ni 0.67, ukisahau 100 za kamera inakuwa 1100 na 300, yaani 0.57, na unailaumu LED bure.

Mimi mwenyewe napima jozi chache tu, kisha nachukulia kwamba kohirensi inafuata umbali kati ya mipasuo, si mahali ilipo. Ndiyo modeli ya Schell. Naipenda kwa sababu hesabu zake zinabebeka. Juzi boriti moja ilinigomea: katikati 0.8, ukingoni 0.5, umbali uleule. Nikaziba mpasuo mmoja mmoja. Ukingoni mmoja ulikuwa unapata mwanga mara nne ya mwenzake, na hilo peke yake linashusha 0.8 hadi 0.64. Iliyobaki sijui niidai modeli au vumbi la kwenye mpasuo wa kushoto.