Maji ya Uti wa Mgongo Yanatuambia Nini Baada ya Kiharusi

Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima ni takriban mililita 150 tu, lakini mwili hutengeneza kama mililita 500 kila siku, hivyo maji yote hubadilika zaidi ya mara tatu kwa siku. Ndugu wa mgonjwa wanaponiuliza kama kipimo cha maji hayo kinaweza kueleza iwapo mama yao atatembea tena, mimi hutazama kwanza siku yalipochotwa, ndipo nitazame namba iliyotoka maabara.

Seli za ubongo zinapokufa humwaga protini zake, na kila protini ina mwendo wake. Ile iitwayo GFAP, inayotoka kwenye seli zinazotegemeza neva, hupanda ndani ya saa chache mshipa unapopasuka, kwa kuwa damu huzichana seli hizo papo hapo. Mshipa ukiziba, hupanda polepole zaidi. Nyurofilamenti, ambazo ndizo fito zinazoushikilia mkia mrefu wa seli ya neva, huendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa na kubaki juu kwa miezi. Kwa hiyo sampuli ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha kiwango kidogo kwa mtu ambaye ubongo wake umeumia vibaya.

Wingi wa fito zilizotawanyika uani hukuonyesha ukuta ulivyobomoka, lakini haukuonyeshi ni ukuta wa chumba gani. Kiharusi kidogo kikipiga njia nyembamba ya neva zinazoshuka kuendesha mkono na mguu, protini zitakazomwagika ni chache, na bado upande mzima wa mwili utapooza.

Kwa sababu hiyo simchomi mgonjwa sindano ya mgongo kwa ajili ya ubashiri peke yake. Ubongo uliovimba unaweza kusukumwa chini na kubana shina lake maji yanapotolewa, na aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda anaweza kuvuja damu ndani ya mgongo. Hali ni tofauti kwa aliyevuja damu kuzunguka ubongo na kuwekewa mrija wa kupunguza maji: hapo sampuli inapatikana bila kumchoma tena. Mashine za sasa hupima nyurofilamenti hata kwenye damu ya mkononi, ingawa humo ni kidogo sana, na naamini njia hiyo ndiyo itakayowafikia wagonjwa wengi.

Kwa mkono uliopooza, mimi hutegemea zaidi uchunguzi wa kitandani ambao Cathy Stinear na wenzake wa Auckland, New Zealand, waliuweka mwanzoni mwa utaratibu wao wa kubashiri kupona kwa mkono, uitwao PREP2. Ndani ya siku tatu namwomba mgonjwa ainue mkono kutoka begani kuelekea pembeni, kisha anyooshe vidole, na kila tendo nalipatia alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ikifika 5 au zaidi, matumaini ya mkono kurudi kufanya kazi ni makubwa, hasa kwa aliye chini ya miaka 80. Vidole vikiinuka kidogo tu juu ya shuka, naandika alama hiyo kwenye faili, kisha namwita binti yake asogee aone.