Nani aamue mambo ya umeme na tabianchi? Dhana potofu na ukweli wake

Kwenye mijadala ya nishati, suala la uongozi jumuishi huachiwa dakika za mwisho, kama vile ni jambo la adabu tu: tusiwasahau kina mama, vijana, wafugaji, watu wenye ulemavu, asanteni kwa kunisikiliza. Mimi naliona kama suala la taarifa. Bodi ambayo wajumbe wake wote wanaishi maisha ya namna moja hukosea kwa namna moja, na makosa yenyewe hulipiwa na mwananchi.

Dhana: Nishati ni hesabu za wahandisi. Wananchi wa kawaida wanaingia wapi?

Tuanzie Lamu. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme katika miaka michache tu. Mmoja wa miradi ya kipindi hicho ulikuwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Ilipofika 2019, mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000. Kwa hiyo hata hizo hesabu, tulizoambiwa tuwaachie wenye kuzijua, hazikutimia.

Wakati huo wavuvi na wakazi wa Lamu walikuwa na maswali yao. Maji ya moto yatokayo mtamboni yatamwagwa wapi, na samaki watakwenda wapi? Majivu yatawekwa wapi pwani pale? Na mji mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utavuta hewa gani? Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mradi. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na jopo likaona pia kwamba ripoti ya athari za mazingira ilikuwa na mapengo. Mvuvi hasomi michoro ya mtambo, lakini bahari anaijua, na mtambo ulikuwa unakwenda kukaa kando ya bahari.

Dhana: Ukimsikiliza kila mtu, mradi haukamiliki.

Ni kweli kwamba kusikiliza kunachukua muda. Kutosikiliza je? Mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, uliachwa mwaka 2016 baada ya mvutano wa ardhi na wakazi, na hautoi umeme hata wa balbu moja. Kule Ziwa Turkana mitambo 365 ya upepo ilisimikwa, jumla megawati 310, na umeme ukaanza kuingia kwenye gridi. Kisha Oktoba 2021 mahakama mjini Meru ikasema hati za ardhi hiyo, takriban ekari 150,000, zilipatikana bila kufuata taratibu za kisheria. Upepo ni nishati safi, hatukatai, ila ardhi ina wenyewe. Wanaharakati wa mazingira wa mjini nao hulisahau hilo, wakidhani mradi ukishaitwa wa kijani basi umeshapata ruhusa ya kila mtu.

Dhana: Kupika ni mambo ya jikoni, si sera ya nishati.

Hii ndiyo dhana iliyotugharimu zaidi. Kwa miongo mingi sera ya nishati ilimaanisha mabwawa, nguzo na nyaya, huku kaya nyingi mno za Tanzania zikipikia kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Rais Samia Suluhu Hassan alilipeleka suala hili COP28, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, mjini Dubai mwaka 2023, na Mei 2024 akawa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris uliotoa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia Afrika. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Lakini shuka kidogo uingie kwenye nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, Mbagala au Buza. Wapangaji sita, luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mmoja akinunua jiko la umeme, kesho yake kuna kikao: nani anamaliza uniti? Wenye nyumba wengine wanakataza kabisa. Hata mwenye luku yake kuna kitendawili: mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hupata uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo bei yake hupanda zaidi ya mara tatu. Uniti 75 ni taa, simu, televisheni. Ukianza kuchemshia maharage, ukomo unakaribia. Gesi nayo huwezi kujaziwa mtungi kwa mia tano, wakati mkaa wa kopo upo dukani hadi usiku. Anayejua haya bila kusubiri utafiti ni yule anayeishi hivyo, na mara nyingi hayumo kwenye kikao kinachopanga bei.

Dhana: Wanawake kwa asili wana huruma na mazingira, ndiyo maana wanafaa.

Sifa hii inapendeza kuisikia, lakini haina ushahidi wa maana. India ilibadilisha katiba mwaka 1993, theluthi moja ya nafasi za wakuu wa mabaraza ya vijiji zikatengewa wanawake. Watafiti wa uchumi Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichunguza vijiji vya West Bengal na Rajasthan, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona: mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yaliwekeza zaidi kwenye maji ya kunywa. Maji ndiyo yaliyokuwa malalamiko makubwa ya wanawake wa vijiji hivyo. Huruma haina nafasi hapo: anayebeba ndoo anajua kisima kiko umbali gani.

Dhana: Wanawake wenye sifa hawapatikani.

Kinyasini, Unguja, wapo wanawake waliochaguliwa na vijiji vyao, wengine hawakusoma sana, wakafundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Tuendelee.

Dhana: Ukiweka mwanamke mmoja juu, kazi imekwisha.

Januari 2024 Azerbaijan ilitangaza kamati ya maandalizi ya COP29 yenye watu 28, wote wanaume. Kelele zikapigwa, wanawake 12 wakaongezwa. Vizuri, lakini picha ya pamoja ikishapigwa bado kuna swali la nani anapanga bajeti. Na mwanamke wa Masaki, mtaa wa wenye nazo, mwenye luku yake peke yake hamwakilishi wa Mbagala kwa kuwa tu wote ni wanawake.

Ujumuishi wenyewe hupimwa chini kabisa, kwenye mambo madogo ya ratiba na lugha. Ripoti ya mradi ikiletwa kijijini kwa Kiingereza, kurasa mamia, na mkutano ukaitishwa saa nne asubuhi siku ya gulio, watakaohudhuria ni wale wasio na cha kuuza. Watasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ndiyo itakayoambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.