91 si namba tasa: dhana potofu na ukweli

Dhana: 91 ni namba tasa.
7 × 13 = 91. Wengi huteleza hapa, na sababu yake inaeleweka. Namba inaishia na 1, basi haigawanyiki kwa 2 wala 5. Jumla ya tarakimu ni 10, basi haigawanyiki kwa 3. Ukiiacha 1 yenyewe, namba zisizo tasa chini ya 100 zinazopenya majaribio hayo ni tatu tu: 49, 77 na 91. Ya kwanza imo kwenye jedwali la kuzidisha, na 77 inajionyesha kwa tarakimu zake. Jedwali la shuleni huishia 12 × 12, kwa hiyo mwanafunzi hukariri 7 × 12 = 84 na kukomea hapo, hatua moja tu kabla ya 91.

Dhana: lazima ujaribu kila namba hadi nusu yake.
Ishia kwenye kipeuo cha pili. 10 × 10 tayari inazidi 91, kwa hiyo jaribu 2, 3, 5 na 7, basi.

Dhana: 7 haina kanuni ya kugawanyika.
Ipo, na inastahili kufundishwa mapema. Tenga tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, toa jibu hilo kwenye tarakimu zilizobaki. Ukipata 0 au kizidishe cha 7, hata kikiwa hasi, namba nzima inagawanyika.

91: 9 − 2 = 7
133: 13 − 6 = 7
119: 11 − 18 = −7

Namba yoyote 10a + b ni sawa na 10(a − 2b) + 21b, na 21 inagawanyika kwa 7. Anayejumlisha badala ya kutoa hupata 9 + 2 = 11, na 91 humdanganya tena.

Dhana: namba ikifaulu jaribio la Fermat, ni tasa.
Kwa mujibu wa kanuni ya mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat, kama n ni tasa na haigawi a, basi aⁿ⁻¹ ikigawanywa kwa n hubakiza 1. Kinyume chake hakina uhakika. 3⁶ = 729 = 8 × 91 + 1, na 3⁹⁰ ni (3⁶)¹⁵, kwa hiyo baki ni 1 na 91 inafaulu. Sasa tumia 2: 2¹² = 4096 = 45 × 91 + 1, basi 2⁸⁴ inabakiza 1. Kwenye 2⁹⁰ inabaki 2⁶, yaani 64. Hapo 91 imeumbuka, ndiyo maana msingi mmoja, yaani thamani moja ya a, hautoshi.

Dhana: robo mwaka ni siku 91.
Aprili hadi Juni, ndiyo. Julai hadi Septemba ni 92. Siku 91 ni wiki 13 kamili, na mara nne yake ni 364. Benki Kuu ya Kenya huuza dhamana za serikali za siku 91, 182 na 364, zote vizidishe vya 91: ukihesabu kuanzia Jumatatu, muda unaisha Jumatatu.